Mhuri wa Jirani

Kaa nusu saa kwenye benchi la ofisi ya wakili mjini Mbeya, asubuhi ya Jumatatu ya mwezi Julai, baridi bado imeng'ang'ania vidoleni, na utamwona karani akitoka na bahasha ya kaki. Ndani mna hati ya kiapo iliyochapwa dakika tano zilizopita. Mteja anamfuata, koti limefungwa hadi shingoni. Hawaendi mahakamani. Wanavuka barabara, wanapanda ngazi za jengo la pili, wanaingia kwa wakili mwingine. Mteja anaapa, anasaini, mhuri unagongwa, karani analipa, wanarudi.

Kinachochekesha ni kwamba wakili waliyemwacha ofisini naye ni kamishna wa viapo. Mhuri wake uko pale pale mezani, una wino. Ila hawezi kuugonga kwenye hati ile, kwa sababu yeye ndiye wakili wa anayeapa. Sheria inayosimamia makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 7, inamkataza kamishna kutumia mamlaka yake katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande wowote, au ambalo ana maslahi nalo. Akijisahau, upande wa pili unaleta pingamizi la awali, hati inaondolewa, na maombi yaliyoiegemea yanaporomoka nayo. Hakuna wakili, kuanzia Tunduma hadi Ruaha Mbuyuni, asiyelijua hilo. Hata makarani ambao hawajawahi kukanyaga darasa la sheria wanalijua, ndiyo maana hawasubiri kutumwa.

Sasa tazama kinachofanyika saa hiyo hiyo, ofisi hiyo hiyo. Anaingia mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji. Benki imeishtaki kampuni, imemshtaki na yeye kama mdhamini, imemuunganisha na mkewe. Ameshika hati tatu za wito mkononi. Wakili anamwitia chai, anachukua jalada moja, analiandika namba moja, anaziweka hati zote tatu ndani. Hapa hakuna anayevuka barabara.

Jambo hili limenisumbua kwa muda. Mgongano mdogo wa maslahi, ule wa mhuri, mawakili wa huku kwetu wanaulinda kama mboni ya jicho, kwa kuwa mahakama huuadhibu siku hiyo hiyo. Ule mkubwa, wa kujua mteja ni nani hasa, unalazwa ndani ya jalada na kufungwa kamba. Adhabu yake huja baada ya miaka, na mara nyingi haimwangukii wakili.

Tuchukue kampuni ambayo haipo. Tuiweke Mafinga, kwa kuwa ukitaja kampuni ya kifamilia Nyanda za Juu Kusini, anayekuja akilini haraka ni mtu wa mbao. Mzee ana mashine tatu za kupasulia, zile zinazoitwa dingdong, ana Fuso mbili, ana kibali cha kuvuna katika Shamba la Miti Sao Hill na ekari zake mwenyewe za misindano. Miaka kadhaa nyuma mnunuzi wa nguzo alimwambia hawezi kumpa oda mtu binafsi. Akitaka oda, alete kampuni. Mzee akapanda basi hadi Iringa kwa wakili. Wakili akamwandikia katiba ya kampuni, akaisajili BRELA: mzee hisa sabini, mama ishirini, kijana wao mkubwa kumi, na wote watatu wakurugenzi. Mzee akalipa, akashukuru, na safari iliyofuata akaja na debe la njegere. Kuanzia hapo familia nzima ikawa inamwita "wakili wetu".

Wetu nani?

Mwaka 1897 mahakama ya mwisho ya Uingereza ilimjibu fundi viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Salomon aliugeuza mradi wake wa viatu kuwa kampuni, hisa karibu zote zikawa zake, chache zilizobaki zikawa za mke na watoto. Kampuni ilipofilisika, wadai wakasema kampuni na Salomon ni kitu kimoja, alipe yeye. Mahakama ikakataa. Ikasema kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine kabisa, hata kama nyuma yake yupo mzee mmoja na familia yake. Hakuna mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Iringa, wala wa Mzumbe pale Mbeya, anayehitimu bila kukutana na jina hilo. Sheria yetu ya Kampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika 2006, imesimama juu ya msingi huo huo.

Kwa hiyo siku ile wakili wa Iringa alimleta duniani mtu wa nne pale mezani. Mtu huyo hana mwili, hanywi chai, haleti njegere. Lakini kama ada inatoka kwenye akaunti yake, na barua ya kumpa wakili kazi ina mhuri wake, basi mteja ni yeye, na mzee ni aliyekuja kumsemea. Mzee hajui hivyo. Kwake kampuni ni yeye mwenyewe akiwa amevaa koti jingine.

Kampuni inakopa. Benki inataka nyumba ya mzee iliyoko Gangilonga, Iringa, iwe dhamana. Inataka mzee asaini udhamini binafsi. Inataka pia ridhaa ya mama, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Ndoa ya 1971 haziruhusu nyumba wanamoishi wanandoa kuwekwa rehani mmoja wao akiwa hajui. Wakili anashuhudia sahihi zote. Mama anasaini pale anapoonyeshwa. Nyaraka ni za Kiingereza kitupu. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila mikataba mingi ya mikopo ni kama haijapata taarifa.

Halafu malipo ya nguzo yanachelewa, marejesho yanakwama, benki inakwenda mahakamani. Mdaiwa wa kwanza kampuni, wa pili mzee, wa tatu mama. "Wakili wetu" anawapokea wote.

Hapa inafaa kwenda taratibu. Kwa kampuni, njia nzuri huenda ni kukiri deni na kuomba kupangiwa upya marejesho, mashine ziendelee kunguruma. Kwa mzee kama mdhamini, njia nzuri inaweza kuwa kinyume chake: kudai kwamba benki na kampuni zilibadilisha masharti ya mkopo bila mdhamini kuridhia, jambo ambalo chini ya sheria yetu ya mikataba linaweza kumfungua na deni lililofuata. Ni hoja ngumu kwa mtu aliyesaini pande zote mbili za meza, lakini ni hoja yake, na ana haki ya kuwa na mtu wa kuipima kwa niaba yake. Akilipa deni kutoka mfukoni mwake, anageuka kuwa mdai wa kampuni yake mwenyewe. Na mama? Mama ana hoja moja tu: hakuelezwa alichokuwa anakisaini. Ili isimame, itabidi aulizwe maswali aliyeshuhudia sahihi yake. Aliyeshuhudia ni huyo huyo anayemtetea.

Hakuna ulimi unaoweza kuzisema hoja hizi tatu kwa wakati mmoja. Kinachotokea ni kwamba wakili anachukua moja, kwa kawaida ya mwenye sauti, na zile mbili zinapotea bila hata mtu kujua kwamba zilikuwepo. Maelezo ya utetezi yanasema wadaiwa wote kwa pamoja wanakana madai. Mama anaijua hukumu siku dalali anapogonga geti la Gangilonga.

Kanuni za Maadili na Mwenendo wa Mawakili za mwaka 2018, Tangazo la Serikali namba 118, hazijanyamaza juu ya hili. Wakili haruhusiwi kuzisimamia pande zote mbili za mgogoro, wala kuendelea na mteja penye mgongano wa maslahi, isipokuwa amewaeleza wahusika vya kutosha na wakaridhia. Anayekiuka anaweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kumfuta kabisa katika orodha. Neno la kukazia macho ni hilo "vya kutosha". Kwa mama wa Gangilonga, vya kutosha maana yake ni kukaa naye peke yake, mzee akiwa nje, na kumwambia kwa lugha anayoielewa kwamba maslahi yake si lazima yawe ya mumewe wala ya kampuni. Nani katika miji yetu amewahi kumwomba mzee wa watu atoke nje ili wakili azungumze na mkewe?

Tuendelee na kampuni yetu ya kubuni, maana bado kuna kijana. Yeye ndiye anayeendesha mashine, na katika kupekua hesabu inagundulika kwamba malipo ya wanunuzi wawili yaliingia kwenye akaunti yake binafsi. Mzee anampigia wakili simu: mshtaki. Mama anampigia jioni: mwanangu, usiguse hilo. Kijana naye anampigia usiku, maana ni wakili wake pia. Ndiye aliyemwandikia mkataba wa kiwanja.

Mahakama zetu zimelifikiria hili kutokea upande mwingine, kwa kuuliza ni nani aliyempa wakili ruhusa ya kutumia jina la kampuni. Mzizi wake uko Uganda, kwenye kesi ya wakulima wa kahawa wa Bugerere ya mwaka 1970. Ilielezwa pale kwamba kampuni ikitaka kufungua kesi, lazima kuwe na azimio la wanahisa au la bodi, liandikwe kwenye mihutasari. Na wakili aliyekwenda mahakamani bila idhini hiyo anaweza kubebeshwa gharama yeye binafsi. Uganda yenyewe baadaye iliuacha msimamo huo. Sisi tukaushika. Mahakama ya Rufani iliufuata katika shauri la Ursino Palms Estate dhidi ya Kyela Valley Foods, lililofunguliwa 2014, na mwaka 2023, katika kesi ya Simba Papers Converters, ikasisitiza kwamba kufungua shauri kwa jina la kampuni bila azimio la bodi ni kasoro ya kuliondoa shauri lenyewe.

Wengi wanaliona azimio la bodi kuwa karatasi ya kumridhisha hakimu. Mimi naliona kama swali ambalo wakili alipaswa kujiuliza kabla ya yote: ni nani anayeniagiza, na anaagiza kwa mdomo wa nani? Katika bodi ya watu watatu ambayo mmoja ndiye mshtakiwa mtarajiwa, mmoja ni mama yake na mmoja ni baba mwenye hasira, simu ya mzee peke yake haitoshi, hata kama hisa zake ni sabini.

Kwenye ushirika hali ni ya aina hiyo hiyo, tena pana zaidi. Chama cha msingi cha kahawa Mbozi au cha tumbaku Chunya kina wanachama mamia, na wakili anayeitwa na mwenyekiti kuja kukitetea chama kwa kawaida amewahi kuonana na mwenyekiti, katibu, na basi. Ubadhirifu ukitokea, huyo aliyemwita ndiye wa kwanza kuhojiwa.

Yote hayo ni madai. Ikiingia jinai, mambo yanabadilika, maana kampuni hailali mahabusu.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inasema kampuni ikitenda kosa, meneja wake naye anahesabiwa kuwa amelitenda, isipokuwa aonyeshe kwamba hakuridhia na kwamba alichukua tahadhari ambayo mtu makini angeichukua. Soma tena maneno hayo kama mkurugenzi. Utetezi wako wote ni kusema: si mimi, ni wao. Na wakili aliyekaa kando yako analipwa na hao wao.

Oktoba 2018, katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilisomwa hati moja ya mashtaka ya uhujumu uchumi iliyokuwa na kampuni zilizokuwa chini ya Acacia, zikiwemo za migodi ya Bulyanhulu na North Mara, pamoja na maofisa wawili wa damu na nyama. Mmoja wao mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Njombe Mjini. Siitaji kesi hiyo kumnyooshea mtu kidole. Naitaja ili msomaji aone sura ya karatasi yenyewe: mshtakiwa mmoja ana namba ya usajili, mwingine ana watoto shuleni. Kosa la uhujumu uchumi lina kifungo cha miaka 20 hadi 30. Utakatishaji fedha umekuwa miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Kampuni inaweza kupigwa faini, inaweza kufilisiwa, lakini kampuni haiwezi kupelekwa Gereza la Ruanda, pale Mbeya, na kulala chini kwa zamu.

Mwaka 2019 sheria ikaingiza utaratibu wa kukiri kosa kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka. Toka hapo swali la wakili mmoja kwa washtakiwa wawili limekuwa kali mara mbili. Katika makubaliano, anayewahi kuzungumza ndiye anayepata nafuu, na nafuu hiyo inaweza kuendana na kuahidi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Kwa mkurugenzi aliyeko mahabusu, ushauri bora huenda ni: zungumza leo. Kwa bodi iliyoko nje, ushauri bora huenda ni: asizungumze. Wakili mmoja anakwenda Ruanda Jumamosi na chupa ya chai, amelipwa na bodi, anamwambia ndugu yangu vumilia, tunalifanyia kazi. Labda yuko sahihi. Lakini aliyefungwa atajuaje kama uvumilivu huo ni kwa faida yake?

Kesi iliyoliweka jambo hili hadharani zaidi katika Afrika Mashariki ni ya Kampala. Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda iliichukua Crane Bank, iliyoanzishwa na tajiri Sudhir Ruparelia, na Januari 2017 ikaiuza kwa benki ya dfcu. Katikati ya mwaka huo Crane Bank, sasa ikiwa mikononi mwa Benki Kuu kama mfilisi, ikamshtaki mwanzilishi wake ikidai shilingi za Uganda bilioni 397. Mawakili walioipeleka kesi hiyo walitoka kampuni mbili, MMAKS Advocates na AF Mpanga. Ruparelia akasimama na pingamizi: hawa wananijua, walikuwa upande wangu kabla. Desemba 2017, Jaji David Wangutusi wa Mahakama ya Biashara akakubaliana naye na kuwaondoa.

Ninachokipenda katika mkasa huo ni jinsi jina la mteja lilivyobaki lile lile huku kila kitu kingine kikiwa kimebadilika. Mtu angeweza kusema, na hoja ina mantiki, kwamba mteja alikuwa Crane Bank jana na ni Crane Bank leo. Kwa karatasi ni kweli. Ila jana benki ilikuwa inasema kwa mdomo wa Ruparelia, na aliyekaa mezani kueleza mambo yake alikuwa Ruparelia. Leo benki inasema kwa mdomo wa Benki Kuu, na mambo yale yale yanaweza kumgeukia. Kesi yenyewe, kwa taarifa, haikufika mbali: Agosti 2019 jaji huyo huyo aliitupa kwa sababu benki iliyo chini ya mfilisi wa aina hiyo haikuwa na uwezo wa kushtaki, na rufaa ya 2020 ikashindwa.

Kenya ililionja hilo mapema zaidi, miaka ya 1990, katika mgogoro wa King Woollen Mills, pale Mahakama ya Rufani ilipoizuia kampuni kubwa ya mawakili ya Nairobi, Kaplan and Stratton, kuwatetea wakopeshaji dhidi ya mkopaji, kwa kuwa ilikuwa imewafanyia kazi wote wawili wakati mkopo unaandikwa. Majaji wa Kenya hawajasema kila wakili aliyewahi kumhudumia mtu amefungwa maisha. Wanauliza kama kuna hatari ya kweli ya madhara. Katika mji mdogo swali hilo lina jibu gumu: hatari ipi isiyo ya kweli pale ambapo wakili anajua hata shemeji yako alikopa wapi?

Kwa mfano wa mbali, upo mmoja unaotosha. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani kilitikiswa na kashfa ya kocha aliyewadhuru watoto. Viongozi watatu wa chuo waliitwa mbele ya baraza la siri la uchunguzi. Aliyefuatana nao alikuwa mwanasheria mkuu wa chuo, Cynthia Baldwin, mama aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo lake. Wale watatu waliamini ni wakili wao. Baadaye yeye alisema alikuwa wa chuo tu, na akaja kutoa ushahidi dhidi yao. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikayafuta baadhi ya mashtaka yao kwa sababu siri ya mteja na wakili ilikuwa imevunjwa, na mwaka 2020 Baldwin akakemewa hadharani na mahakama ile ile alimowahi kuketi. Jaji mzima, mwenye uzoefu wote huo, na bado hakuna aliyesema neno moja mlangoni kabla ya kuingia.

Neno lenyewe Wamarekani wanalo, na limekuwa desturi tangu hukumu ya Upjohn ya mwaka 1981. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: mimi ni wakili wa kampuni, si wakili wako, utakachoniambia ni siri, lakini ni siri ya kampuni, na kampuni ikitaka kuitoa itaitoa bila kukuuliza, ukitaka wakili wako mwenyewe, unayo haki hiyo.

Lisome tena kwa sauti, kisha jifikirie wewe ni wakili wa miaka 31, umetoka Shule ya Sheria juzi, na mbele yako amekaa mzee wa Kinyakyusa uliyemwamkia shikamoo. Amekuita mwanangu. Amekulipia kodi ya ofisi ya miezi sita kwa kesi yake ya kwanza. Kwenye buti la gari yake kuna mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu wenye jina lako. Sasa mwambie: mzee, mimi si wakili wako. Huko Chicago hilo ni sentensi ya kazi. Huku ni tusi. Naamini hapa ndipo shida ilipo kuliko kwenye kanuni, maana kanuni tunazo. Tunakosa namna ya kulisema bila kumvunjia mzee heshima.

Nilivyowahi kuona likisemwa vizuri, lilisemwa mapema, siku ya kusajili kampuni, kabla hakijaharibika kitu. Siku hiyo halimchomi mtu. Unaweza kumwambia: mzee, unazaa mtoto leo, na mtoto huyu nitamlea mimi. Siku mtoto na baba wakigombana, mimi nitakuwa upande wa mtoto, au nitakaa kando kabisa, na wewe utatafuta mtu wako. Mzee atacheka. Ataelewa pia, kwa kuwa mambo ya mlezi na mtoto hayahitaji tafsiri. Kisha liandikwe kwenye barua ya makubaliano ya kazi, na mama na kijana waisaini na wao.

Sisemi kila kesi ya kampuni na mkurugenzi wake inahitaji mawakili wawili. Hiyo ingekuwa anasa. Mawakili wengi wako Dar es Salaam. Mafinga, Tukuyu au Vwawa huwezi kutembea mtaa mmoja ukachagua watatu. Ada inaongezeka mara mbili, na kwa kampuni inayodaiwa milioni 60 hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupona na kufunga. Mara nyingi kampuni na mwenye kampuni wanataka kitu kimoja, na wakili mmoja anawatosha. Lakini kuna mahali ambapo, kwa maoni yangu, haifai kubahatisha: penye sahihi ya mwenza, penye udhamini binafsi uliobishaniwa, penye madai ya mkurugenzi kula fedha, na popote polisi, TRA au TAKUKURU walipokwisha kumwita mtu kwa jina. Na wakili akishasikia siri za wote wawili ndipo mgongano ukazuka, kumwacha mmoja na kubaki na mwingine si suluhisho. Anaondoka kwa wote. Hilo ndilo linalowauma mawakili, maana wanapoteza wateja wawili kwa mpigo, na ndilo linalofanya waahirishe swali.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi kama lile la Mbeya, nikisubiri mtu. Nyuma ya meza ya karani kulikuwa na rafu ya majalada, na migongo yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene, kwa majina ambayo ofisi yenyewe hutumia: Yule wa Malori. Mama Hoteli. Mzee wa Mbao. Karani alirudi kutoka ng'ambo ya barabara, akaipuliza hati ya kiapo wino ukauke, akavuta lile la Mzee wa Mbao, akaitoboa hati kwa mashine na kuipachika juu. Mstari wa kwanza, niliouona kabla hajafunga, ulianza na mtu anayeapa kwa niaba ya kampuni.